Baada ya Mlipuko: Sayansi ya Mwenendo wa Wakazi wa Mji

Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi, miji miwili mikubwa ya Afrika ya Mashariki ilishambuliwa kwa mabomu yaliyopakiwa ndani ya malori. Milipuko hiyo ilipishana kwa dakika chache tu. Mjini Nairobi shabaha ilikuwa ubalozi wa Marekani, uliokuwa kwenye pembe ya barabara za Moi na Haile Selassie, katikati kabisa ya mji. Mjini Dar es Salaam shabaha ilikuwa ubalozi wa nchi hiyohiyo, uliokuwa Barabara ya Laibon, Oysterbay, katika Wilaya ya Kinondoni. Nairobi walikufa watu 213 na maelfu wakajeruhiwa. Dar es Salaam walikufa watu 11, na zaidi ya 70 wakajeruhiwa.

Tofauti hiyo kubwa ya hesabu ina sababu zake. Ubalozi wa Nairobi ulizungukwa na majengo marefu yaliyojaa watu, na jengo la jirani lililoitwa Ufundi liliporomoka lote. Ubalozi wa Dar es Salaam ulikuwa katika mtaa wa nyumba zilizoachana, wenye miti na nyua pana. Tena gari la kuchukulia maji lililokuwapo langoni lilikaa kati ya lori la bomu na jengo, likapokea sehemu ya nguvu ya mlipuko.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya washambuliaji wa siku ile, na juu ya siasa za dunia zilizowasukuma. Makala haya yanawahusu watu wengine, ambao aghalabu husahauliwa: wapita njia, wauza maduka, wanafunzi, madereva na wapangaji wa nyumba za jirani. Wao ndio walioufikia moshi kwanza, kabla ya polisi, kabla ya zimamoto na kabla ya daktari. Je, katika saa hiyo ya kwanza wakazi wa mji hutenda nini? Kwa nini hutenda hivyo? Na je, mwenendo huo waweza kufundishwa na kurekebishwa? Maswali haya yamechunguzwa na wataalamu kwa miaka zaidi ya 100, na majibu yake yafaa kujulikana katika kila shule ya sekondari, maana maisha ya watu hutegemea majibu hayo.

Je, watu hupoteza akili?

Watu wengi huamini kwamba balaa likitokea umati hupatwa na wazimu: kila mtu hujiokoa nafsi yake, wanyonge hukanyagwa, na wezi huibuka. Picha hiyo tumeirithi zaidi katika sinema kuliko katika utafiti.

Utafiti wenyewe ulianzia katika bandari ya Halifax, nchini Kanada. Tarehe 6 Desemba 1917 meli ya Mont-Blanc, iliyosheheni baruti, iligongana na meli nyingine, ikashika moto, na baada ya dakika 20 hivi ikalipuka. Watu karibu 2,000 walikufa. Kasisi mmoja wa mji huo, Samuel Prince, baadaye alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka 1920 alichapisha uchunguzi wake juu ya jinsi jamii ya Halifax ilivyojikusanya upya baada ya maangamizi. Uchunguzi huo huhesabiwa kuwa mwanzo wa elimu ya jamii mintarafu ya maafa. Mwaka 1963 E. L. Quarantelli na wenzake walianzisha kituo maalumu cha utafiti wa maafa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Wakayachunguza mafuriko, matetemeko, mioto na milipuko mingi, na kila mara walikuta jambo lilelile: taharuki ya kweli ni adimu. Watu huogopa, lakini kuogopa si kupoteza akili. Wengi hutafuta habari, huwatafuta jamaa zao, kisha huwasaidia walio karibu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa London tarehe 7 Julai 2005, mabomu yalipoua watu 52 katika treni za chini ya ardhi na katika basi. John Drury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwahoji walionusurika. Wengi walieleza kwamba ndani ya giza na moshi abiria wasiojuana waligawana maji, walifungana majeraha na kutulizana kwa maneno. Drury alieleza kuwa hatari iliyowapata kwa pamoja iliwafanya wajione kuwa kundi moja. Mswahili aliyatambua haya zamani aliposema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Hata mbio zenyewe hazina budi kuangaliwa kwa haki. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, katika Wilaya ya Temeke, na tarehe 16 Februari 2011 usiku ghala jingine likalipuka Gongo la Mboto. Hayo hayakuwa mashambulio, yalikuwa ajali. Lakini kwa mkazi aliyesikia mshindo na kuona makombora yakiangukia mapaa, tofauti hiyo haikujulikana. Maelfu walikimbia kwa miguu, watoto wengi wakapotezana na wazazi wao, na baada ya mlipuko wa pili maelfu walipewa hifadhi katika uwanja wa michezo wa taifa. Magazeti yaliita hali hiyo taharuki. Lakini mtu anayelikimbia ghala linalolipuka anatumia akili yake sawasawa. Alichokosa ni habari: kukimbilia upande gani, kusimama wapi, na kuwakuta watoto wake mahali gani.

Hatari ya dirishani

Kuna hali moja, hata hivyo, ambamo hulka ya mwanadamu humponza vibaya sana, nayo ni udadisi wa macho.

Mjini Nairobi siku ile ya mwaka 1998 bomu kubwa halikulipuka ghafla. Kwanza zilisikika sauti za mapambano langoni: mlio wa bunduki na mshindo wa guruneti. Wafanyakazi katika majengo ya karibu waliposikia kelele waliacha meza zao, wakaenda madirishani kutazama. Punde bomu likalipuka, na vioo vikawarukia usoni. Wengi walijeruhiwa macho, na wengine wakapofuka kabisa. Halifax yalitokea hayohayo miaka 81 kabla: watu walisimama nyuma ya vioo vya nyumba zao wakiitazama meli inayowaka, na mamia wakaharibiwa macho. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini katika saa ya hatari yafaa aambiwe asitazame.

Kwa nini vioo? Mwanafunzi wa fizikia aweza kupiga hesabu mwenyewe. Kanieneo ya hewa ya kawaida, yaani nguvu ambayo hewa hukandamiza kila eneo, ni kilopaskali 100 hivi. Hatuihisi kwa kuwa hutukandamiza pande zote kwa usawa. Mlipuko husukuma hewa na kufanya ukuta wa hewa nzito unaosafiri kwa kasi. Huo huitwa wimbi la mlipuko. Wimbi hilo likifika dirishani, kanieneo ya upande wa nje huzidi ile ya ndani. Ziada ya kilopaskali 35 ndiyo iwezayo kupasua ngoma ya sikio. Lakini vioo vya kawaida huvunjika kwa ziada iliyo kati ya kilopaskali 1 na 7 tu. Tuchukue kilopaskali 5 na dirisha lenye eneo la mita mraba 1. Nguvu inayolisukuma ni niutoni 5,000, yaani sawa na uzito wa kilo 500, au magunia matano ya mahindi ya kilo 100 yaliyoegemezwa kwa ghafla juu ya kioo. Msukumo huo hudumu sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini unatosha.

Basi ni dhahiri kwamba kuna eneo pana kulizunguka bomu ambamo mlipuko wenyewe hauwezi kumuua mtu, ila vioo vyaweza kumpofusha. Ndani ya eneo hilo mahali pa kusimama ndipo panapoamua kama mtu atarudi nyumbani mzima.

Sayansi hiyo inatupa pia nafasi ya kujiokoa. Mwanga hufika mara moja, na mbali kidogo na mlipuko wimbi husafiri kwa kasi inayokaribia ile ya sauti, yaani mita 340 hivi kwa sekunde. Aliye umbali wa kilometa 1 ana sekunde karibu 3 kati ya kuona mmweko na kufikiwa na wimbi. Sekunde 3 hazitoshi kutafakari, lakini zinamtosha mtu aliyekwisha kufundishwa: ajitupe chini, alipe dirisha kisogo, afunike kichwa kwa mikono, na abaki hapo. Anayesikia milio ya bunduki au mshindo mdogo ana sababu kubwa zaidi ya kukaa mbali na kioo, kwani jambo kubwa laweza kuwa bado linakuja.

Mmiminiko wa watu

Baada ya mlipuko hutokea jambo ambalo huwashangaza wageni wa elimu hii. Badala ya watu wote kuondoka, wengi humiminika kuelekea mahali pa tukio. Mwaka 1957 Charles Fritz na J. H. Mathewson waligawa watu hao katika makundi matano: wanaorejea kutazama nyumba na mali zao, wenye wasiwasi wanaowatafuta jamaa, wasaidizi, wadadisi, na wale wanaotafuta kujinufaisha. Mtu yeyote aliyewahi kushuhudia ajali katika Barabara ya Kilwa au ya Morogoro aweza kuyatambua makundi yote matano.

Wasaidizi ni hazina. Katika maafa mengi, waliojeruhiwa huokolewa kwanza na majirani, kwa mikono mitupu na magari ya watu binafsi. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu; akipoteza lita 2 kwa haraka maisha yake yamo hatarini. Jeraha kubwa laweza kumaliza kiasi hicho kwa dakika chache, kabla gari la hospitali halijapita kwenye msongamano. Jirani anayejua kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kulegeza mkono ana thamani kubwa kuliko gari lolote litakalofika baadaye. Na ajue vilevile mambo ya kutotenda: asichomoe kipande cha kioo kilichozama mwilini, na jicho lililoumizwa asilisugue wala asilikandamize, bali alikinge kwa wepesi na kumpeleka mgonjwa kwa daktari.

Lakini umati uleule huziba njia. Zimamoto hawapiti, majeruhi hawatoki, na sauti ya aliyenaswa chini ya kifusi haisikiki kwa makelele. Zaidi ya hayo, bomu la pili laweza kuwa linawangojea waliokusanyika. Mjini Kampala, usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu mawili yalilipuka moja baada ya jingine katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Pamoja na shambulio la Kabalagala usiku huohuo, watu wapatao 74 waliuawa. Kwa hiyo kanuni ni hii: mwenye kazi ya kuokoa abaki na aokoe, asiye na kazi aondoke, na anapoondoka asaidie kufungua njia. Namba 114 ya zimamoto na 112 ya polisi zapaswa kujulikana na mtoto wa darasa la kwanza.

Damu iliyotolewa mwezi uliopita

Jambo jingine linaloonekana kila mara ni foleni za watoa damu. Nairobi zilionekana mwaka 1998, zikaonekana tena Septemba 2013 baada ya shambulio la jumba la maduka la Westgate, ambamo watu 67 waliuawa. Wakazi wa kila rangi na kila dini walisimama saa nyingi juani wakingoja zamu. Ni mwenendo wa heshima, nasi hatuna budi kuusifu.

Hata hivyo, biolojia ina neno la kuongeza. Damu inayotolewa leo haiwezi kuingizwa mara moja katika mwili wa mgonjwa. Ni lazima kundi lake lijulikane, na ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Majeruhi wanaofikishwa hospitalini saa ya kwanza huokolewa kwa damu iliyokwisha kuwamo ndani ya jokofu, yaani iliyotolewa wiki au mwezi uliotangulia. Kwa upande wa pili, chembe nyekundu huhifadhiwa kwa siku 35 hadi 42 tu. Baada ya mashambulio ya Marekani ya tarehe 11 Septemba 2001 umati mkubwa ulijitokeza kutoa damu, lakini majeruhi waliohitaji damu walikuwa wachache, na nyingi ilitupwa kwa kupitwa na muda.

Basi anayetaka kuwasaidia majeruhi wa shambulio lisilojulikana tarehe yake, atoe damu sasa, na arudie kwa vipindi. Tanzania ina Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na shule za sekondari zimekuwa mahali muhimu pa kupata watoaji. Chupa moja iliyotolewa katika wiki ya utulivu yaweza kuwa na faida kuliko chupa kumi za siku ya kilio.

Hesabu ya uvumi

Pamoja na moshi hupanda uvumi. Mwaka 1947 Gordon Allport na Leo Postman wa Chuo Kikuu cha Harvard walipendekeza kanuni fupi: nguvu ya uvumi ni sawa na umuhimu wa jambo mara utata wa habari zake. Msomaji aangalie kwamba ni kuzidisha, wala si kujumlisha. Ikiwa jambo halina umuhimu kwa watu, zao ni sifuri. Na ikiwa habari zake ni wazi kabisa, zao ni sifuri vilevile. Baada ya shambulio hatuwezi kuupunguza umuhimu wa jambo, kwani watu wamekufa. Twaweza kupunguza utata tu. Ndiyo maana mamlaka inayonyamaza kwa saa nyingi, hata kwa nia njema, huulisha uvumi; na inayotoa taarifa fupi za kweli mara kwa mara, hata kama ni kusema kwamba uchunguzi unaendelea, huunyima chakula.

Wataalamu hao walifanya pia jaribio rahisi. Mtu mmoja alionyeshwa picha, akamweleza wa pili asiyeiona, naye akamweleza wa tatu, na kuendelea. Baada ya kupita vinywa vitano au sita, yapata asilimia 70 ya mambo madogo madogo ya picha ilikuwa imepotea. Na kilichobaki kilikuwa kimegeuka. Picha moja ilionyesha Mzungu mwenye wembe mkononi akizungumza na mtu mweusi. Katika mengi ya majaribio, kabla hadithi haijafika mwisho, wembe ulikuwa umehamia mkononi mwa mtu mweusi. Wasimuliaji hawakukusudia kusema uongo. Kumbukumbu zao zilijaza mapengo kwa kile ambacho jamii yao ilikwisha kukiamini.

Mwaka 1998 uvumi ulitembea kwa miguu, kwa daladala na kwa simu chache. Leo unatembea kwa simu za mkononi. Tarehe 25 Agosti 2021, mtu mwenye silaha alipowaua polisi watatu na mlinzi mmoja karibu na ubalozi wa Ufaransa, Kinondoni, picha za video zilikuwa zikizunguka mjini kabla taarifa kamili haijatolewa. Picha ni ya kweli, lakini maneno yanayofuatana nayo yaweza kuwa ya mtu asiyejua lolote. Twasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake, ila siku ya msiba inafaa kuwekwa kando.

Wembe mkononi mwa jirani

Hapa ndipo tunapofikia jambo zito kuliko yote. Bomu la Dar es Salaam lilitayarishwa katika nyumba ya kupanga huko Ilala, kati ya wakazi wa kawaida. Habari ya namna hiyo huzaa haraka swali la hatari: nani mwingine? Na kama jaribio la wembe lilivyoonyesha, akili isiyo na habari humkabidhi wembe yule inayemshuku tangu zamani: mgeni, mwenye lafudhi ya mbali, mwenye vazi au ibada tofauti.

Lakini bomu lenyewe halikuchagua. Waliokufa Kinondoni walikuwa watu waliokuwa kazini, wakiwamo walinzi wa zamu langoni, na kati ya wahanga walikuwamo Waislamu pamoja na Wakristo. Anayeigeukia jumuiya nzima kwa ajili ya kosa la wachache anaikamilisha kazi ya mshambuliaji, ambaye shabaha yake kubwa ni kuvunja kuaminiana kwa watu. Tena anaharibu ulinzi wa kweli. Jirani anayeheshimiwa ataripoti kwa mwenyekiti wa mtaa lori geni linaloingia usiku. Jirani anayetukanwa atafunga mlango na kunyamaza. Kujuana ni chombo cha usalama, na tuhuma za jumla hukivunja.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitolewa na mwalimu. Tarehe 21 Desemba 2015, katika Kaunti ya Mandera, Kenya, watu wenye silaha walisimamisha basi na kuwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alikuwa miongoni mwao. Alipigwa risasi, akafa Januari 2016 hospitalini. Serikali ya Kenya ilimtunukia nishani baada ya kifo chake. Wale abiria hawakuwa na silaha wala mafunzo. Walikuwa na uamuzi waliokuwa wameufikia mioyoni mwao zamani, kwamba anayesafiri nao ni mwenzao.

Kazi ya darasani

Mwalimu aweza kuyageuza haya kuwa masomo bila gharama. Katika fizikia, wanafunzi wapime madirisha ya darasa lao na wakadirie nguvu itakayoyakabili kwa ziada ya kilopaskali 1, 3 na 5, kisha wachore ramani ya darasa na kuonyesha mahali salama pa kulala chini. Katika biolojia, wajifunze kukandamiza jeraha na wajue kituo cha damu kilicho karibu. Katika uraia, walirudie jaribio la Allport na Postman: picha moja, wanafunzi sita, na mwandishi mmoja anayeorodhesha kilichopotea, kilichoongezwa, na aliyekabidhiwa wembe. Na kila mwanafunzi akubaliane na wazazi wake juu ya mahali pamoja pa kukutana, iwapo mtaa wao utapatwa na mshindo kama ule wa Mbagala.

Walio Dar es Salaam waweza pia kuwapeleka wanafunzi Makumbusho ya Taifa, Barabara ya Shaaban Robert, yenye kumbukumbu ya wahanga wa 1998. Nairobi kuna bustani ya kumbukumbu mahali paleale uliposimama ubalozi. Hapo mwanafunzi ataelewa kwamba hesabu tulizozitaja ni hesabu za watu.

Hakuna mji uwezao kujihakikishia kwamba hautashambuliwa kamwe. Lakini mji waweza kuamua mapema kwamba watu wake watakaa mbali na vioo, watafungua njia, watakuwa wamekwisha kutoa damu, watangoja habari za kweli, na hawatamkabidhi jirani wembe ambao hakuushika. Maamuzi hayo hufikiwa katika siku za amani, na shule ni mahali pazuri pa kuyafikia.